Wanaojifunza mazingaombwe ya karata kwa video: kabla hujaenda kijiweni, pita hapa kwanza

#1 Kidole_cha_Mwisho

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikipita humu nakuta mtu anauliza ajifunzeje mazingaombwe ya karata, na jibu ni lilelile: "Ingia YouTube, zimejaa." Kweli zimejaa. Lakini kuna jambo wanaojibu hawalisemi, nalo ndilo linalowaumbua vijana wengi hapa mjini. Video ile imepigwa kwa ajili ya jicho moja. Kamera iko mbele, mwalimu amekaa, meza ina kitambaa kizito, na anayechagua karata ni mtu mmoja mstaarabu aliyekaa ng'ambo ya meza. Wewe unajifungia chumbani hadi mkono unakubali, halafu unatoka kwenda kijiwe cha bodaboda Tandika. Meza hakuna. Mmoja amekaa juu ya pikipiki, anakuangalia kwa juu. Mwingine kakuinamia ubavuni. Kuna mtoto kachuchumaa chini, anachungulia viganja vyako kwa chini kabisa. Ulichojifunza kumficha mtu wa mbele, huyu wa ubavuni anakiona chote, na kijiweni hakuna adabu ya ukumbini. Anapaza sauti, "Kaibana kushoto huyo!" Basi, umekwisha.

Kwa hiyo kabla hujachagua mchezo, jiulize utasimama wapi. Michezo ya kuficha karata kiganjani iache kwanza, hata kama kwenye video inaonekana rahisi, kwa sababu kiganja kilichobeba karata kina pande mbili ambazo lazima zizibwe na ukuta au na mwili wako. Ile ya kudondosha karata mapajani chini ya meza isahau kabisa kama wewe ni mtu wa kusimama. Inayofaa kuzungukwa ni ile ambayo kazi yake imefanyika mapema, au inayofanyika juu ya fungu lenyewe mbele ya macho ya wote. Ipo mingi na ni mizuri sana.

Sasa namna ya kuitazama video. Mara ya kwanza itazame bila maelezo, sehemu ya onyesho tu, kama mtazamaji. Kumbuka pale ulipodanganyika, maana hapo ndipo na mtazamaji wako atadanganyika, na hapo ndipo pa kulinda. Mara ya pili weka kasi ya nusu na uzime sauti. Waalimu wengi wanaongea sana, na ukisikiliza mdomo huoni kidole. Angalia vidole vitatu vya mkono unaoshika fungu: gumba, shahada na cha mwisho. Kile cha mwisho ndicho mkubwa wa kazi. Kinaingia kwenye kona ya fungu na kuacha mwanya mwembamba usioonekana kwa mbele, na viini macho vingi vya karata vinategemea mwanya huo.

Kingine: mwalimu akikaa mbele ya kamera, mkono wake wa kushoto unauona kulia kwako. Wengi wanaiga kama kioo na wanajikuta wameshika fungu kwa mkono ambao si wao. Tafuta video iliyopigwa kutoka juu ya bega la mwalimu, utaona mikono kama unavyoiona yako mwenyewe.

Na kabla hujamwonyesha mtu yeyote, jirekodi kwa simu. Kioo hakitoshi. Ukifanya mbele ya kioo, ile sekunde ya kufanya kitendo cha siri jicho linapepesa lenyewe, hivyo hujioni unavyokosea. Simu haipepesi. Iweke ubavuni, uiweke chini sakafuni, uiweke juu ya kabati. Ukipita pande zote tatu, karibu Tandika.

#2 Dogo_RangiTatu

Nimekaa paleee mbele kabisa. Mkuu, kwanza karata. Mimi nina zile za plastiki za Kariakoo za bei ya kutupa. Nikijaribu kuzitandaza zinashikana mafungumafungu, nyingine zinateleza zinaanguka zote. Tatizo mimi au karata?

#3 Kidole_cha_Mwisho

Dogo, nyote wawili, ila karata zaidi.

Karata nzuri za kazi hii ni za karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya kinga, na uso wake una vishimo vidogovidogo ambavyo ukipitisha ukucha unavihisi. Vile vishimo vinashika hewa kati ya karata na karata, ndiyo maana zinateleza kwa mpangilio. Plastiki laini haina hewa hiyo, ukizitandaza zinagandana. Ukipata Bicycle za Marekani, ambazo jina lake liko sokoni tangu 1885, utaelewa ninachosema siku ya kwanza. Angalia pia mgongo wa karata: uwe na ukingo mweupe kuzunguka picha. Ukingo huo ndio unaoficha karata iliyogeuzwa chali katikati ya fungu. Mgongo uliojaa rangi mpaka pembeni unakusaliti karata ikichungulia kidogo tu.

Ila usisubiri uzipate. Kwa michezo ya kuanzia hizohizo zako zinatosha, mradi usichague michezo ya kutandaza.

Na joto letu hili jamani. Dar karatasi inanyonya unyevu wa hewa, karata zinapinda kama vigae, mikono nayo inatoa jasho. Usiziache nje ya kasha usiku, na zikipinda zilaze chini ya vitabu vizito. Nawa mikono kwa sabuni, kausha kabisa, ndipo ushike. Mwalimu wa kwenye video yuko chumba chenye kiyoyozi, hawezi kukwambia haya.

#4 Mzee_wa_Kahawa

Vijana wangu, mimi nimekua kabla ya hizo video. Enzi zetu mtu wa mazingaombwe alikuja shuleni, mwalimu mkuu anapiga kengele, tunatoa senti zetu, tunakaa chini uwanjani. Anageuza karatasi kuwa hela, anavuta utambaa mdomoni usiokwisha. Tukimfuata kumuuliza, anatufukuza. Siri yake alikuwa nayo mpaka kaburini.

Ninyi mna bahati, lakini naona kasoro moja. Wanaojifunza kwa video wote wanafanana. Mikono ileile, kugeuza shingo kulekule, mpaka mzaha ni wa yule Mzungu. Zamani huko kwao walijifunza kwa vitabu. Kuna kitabu kilichapishwa Chicago mwaka 1902, mwandishi akajiita S. W. Erdnase, hadi leo wanabishana alikuwa nani. Kina michoro ya mikono na maneno makavu tu. Dai Vernon, mwanamazingaombwe wa Kanada, alikisoma tangu utotoni mpaka akakihifadhi, na kwa sababu mchoro hautembei, mwendo alilazimika kuutafuta mwenyewe. Akatoka na mkono wake. Uzeeni, miaka ya 1980, ndipo naye akarekodiwa kwenye kanda za video kufundisha wengine.

Mimi nasema msomaji hujenga mkono wake, mtazamaji huazima wa mtu.

#5 Kidole_cha_Mwisho

Shikamoo mzee wangu. Nakubali nusu. Mtu akisoma maelezo ya kunyanyua karata mbili kama moja bila kuona inavyofanywa, anaweza kuikosea miaka mingi na asijue. Mwendo na kasi vinahitaji jicho. Ila hapo kwenye mzaha wa Mzungu umepiga penyewe. Nimemwona kijana Mwenge anawaambia watu maneno ya video neno kwa neno, katafsiri mpaka sehemu ya kumtania mtazamaji kuhusu mkewe. Yule mtazamaji alikuwa shemeji yake. Pakachafuka.

#6 BintiKigamboni

Hahahaa shemeji tena!

Kaka, weka mfano mmoja basi wa hiyo michezo ya kuzungukwa, tusiishie nadharia. Mimi nataka kitu cha kufanya kwenye pantoni nikivuka, watu wote wamesimama.

#7 Kidole_cha_Mwisho

Haya dada. Huu upo kwenye karibu kila kitabu na video ya wanaoanza, kwa hiyo sivunji nyumba ya mtu.

Changa karata, na unapozisawazisha chungulia ya chini kabisa. Tuseme ni nane ya uru. Hiyo ndiyo kiongozi wako, ishike kichwani. Mwambie mtu achague karata yoyote, awaonyeshe wenzake, airudishe juu ya fungu. Kisha mwambie akate mwenyewe: achukue nusu ya juu aiweke chini ya ile nusu nyingine. Sasa nane ya uru iliyokuwa chini imekaa juu ya karata yake. Anaweza kukata tena na tena, haiharibiki, mradi kila kukata kukamilike.

Ukianza kuzifunua moja moja kutoka juu, ukiiona nane ya uru, inayofuata ndiyo yake. Ikitokea nane ni ya mwisho chini, basi yake ni ile ya kwanza kabisa juu.

Hapo ndipo video nyingi zinaishia, na mwanafunzi naye anaishia hapo: anafunua, anafika, anasema "ni hii?" Mtu anasema "ndiyo", kimya. Hakuna kilichotokea. Ifanye hivi: funua, ipite karata yake makusudi, iache mezani au mkononi mwa mwenzake, endelea kufunua nyingine tatu nne. Kisha sema, "Karata nitakayoigeuza sasa hivi ndiyo ya kwako." Watu wote wameshaiona yao imepita, wanajua umeshindwa, wanaanza kucheka, mwingine anataka kuweka dau. Wewe hukusema karata utakayoifunua, umesema utakayoigeuza. Nyoosha mkono, ichukue yake kati ya zile zilizofunuliwa, igeuze kifudifudi. Pantoni zima litakuheshimu.

Na kuchungulia kusiwe kuchungulia. Ukiinamisha kichwa kuangalia chini ya fungu umekamatwa. Zigonge karata kwa ubavu kama unazisawazisha, huku unamuuliza mtu jina lake. Jicho linashuka, linaona, linarudi usoni kwake.

#8 Siri_ni_Siri

Mnaharibu sanaa. Mtu anakaa miaka anajifunza, wewe unakuja kumwaga kila kitu bure. Kesho mtoto wa darasa la tano atamwambia msanii jukwaani "najua hiyo". Kule Uingereza wana chama chao tangu 1905, ukitoa siri hovyo wanakufukuza. Sisi tunaanika kama dagaa.

#9 Kidole_cha_Mwisho

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaki kuipuuza. Kuna video ambazo kazi yake ni kuumbua tu: sekunde kumi na tano, mchezo unaonyeshwa, siri inatupwa, muziki unapigwa, basi. Anayeitazama hajifunzi kitu, anachopata ni cha kumharibia mwenzake. Hizo nami sizipendi. Ila anayekaa na somo la nusu saa akarudia kidole kimoja, huyo ameingia darasani.

Halafu siri yenyewe si kubwa kama tunavyodhani. Harry Houdini alikuwa na tambo kwamba akionyeshwa mchezo mara tatu atakwambia unafanyikaje. Mwaka 1922, Chicago, Vernon alimwonyesha karata iliyotiwa saini inapanda juu ya fungu kila ikiwekwa chini ya nyingine. Houdini akaomba irudiwe, ikarudiwa tena na tena, akashindwa. Huyo alikuwa mtu wa kazi hiyohiyo, mwenye vitabu na marafiki wa kazi hiyo. Kama siri peke yake ndiyo ingekuwa mchezo, yeye asingedanganyika.

#10 Siri_ni_Siri

Houdini alidanganyika kwa sababu Vernon hakuandika uzi.

#11 Mzee_wa_Kahawa

😂😂 Hapo amekupata, Kidole.

#12 MamaPili_Sinza

Jamani naomba na mimi niulize, msinicheke. Mwanangu wa darasa la sita kajifunza hizo karata kwenye simu yangu (na bando langu anamaliza). Juzi bibi yake kaja kututembelea kutoka kijijini, mtoto akamfanyia, karata ya bibi ikatokea chini ya sahani ya wali. Bibi hakula. Anasema mtoto kaingizwa frimasoni kupitia simu, anataka tumpeleke akaombewe. Baba yake anacheka, mimi niko katikati. Nifanyeje?

#13 Chuma_Ulete

Mama Pili pole. Mimi nilimfanyia mangi wa dukani kwetu Manzese, mpaka leo noti yangu anaikagua pande zote mbili kabla hajanipa unga 😂

#14 Kidole_cha_Mwisho

Mama Pili, hilo si la kucheka, na bibi asidharauliwe. Kwake yeye mtu anayetoa kitu pasipowezekana ana nguvu, na mwenye nguvu hizo hazipati bure. Ukimwambia "ni mchezo tu" humjibu, maana hata mganga anaweza kusema hivyo.

Mwambie mtoto akae na bibi peke yao, amwonyeshe jinsi ilivyofanyika, polepole, hatua kwa hatua. Siri_ni_Siri atanisamehe, kwa bibi hakuna siri. Halafu amfundishe bibi mwenyewe kuifanya, ule wa karata kiongozi anaweza, hauhitaji vidole vyepesi. Bibi akishamfanyia baba wa mtoto akamdanganya, utaona kama atataka tena kumpeleka mtu kuombewa.

Na mtoto afundishwe tangu sasa: asiseme ana uwezo wa kusoma mawazo au kuona yaliyofichika. Aseme ni kiini macho. Mtu akimuuliza kwa hofu, ajibu kweli, "nimejifunza". Hapa kwetu mtu akikuogopa, hofu hiyo haibaki kwenye karata tu.

Kuhusu bando, mfundishe ashushe video moja ya somo, aihifadhi, aitazame hiyohiyo wiki nzima bila intaneti. Itamsaidia na kwenye kujifunza, maana ugonjwa wa watoto wa video ni kuruka: leo hii, kesho ile, na hakuna hata mmoja mkono wake umeuzoea.

#15 Mwl_Namba

Habari za humu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, karata nazitumia darasani. Niongeze mchezo usiohitaji ujanja wa mkono hata kidogo, ila wengi wanaufanya bila kujua kwa nini unakubali, ndiyo maana wanaufanya vibaya.

Chukua karata 21. Zigawe kwa kufunua, safu tatu za wima, moja kila safu mpaka kila safu iwe na saba. Mtu achague moja kimoyomoyo, akwambie iko safu ipi tu. Zikusanye, safu yake ikae katikati ya zile mbili. Gawa tena vilevile, aonyeshe safu, katikati tena. Mara ya tatu hivyohivyo. Karata yake itakuwa ya 11, ukihesabu kutoka juu au kutoka chini.

Sababu: baada ya kukusanya mara ya kwanza, karata yake iko kati ya nafasi ya 8 na ya 14. Ukigawa upya, hizo saba zinatawanyika kwenye safu zote, lakini zinaweza kuangukia mstari wa 3, wa 4 au wa 5 tu. Anapokuonyesha safu na ukaiweka katikati, zimebaki nafasi tatu: 10, 11, 12. Ukigawa tena, hizo tatu zote zinaangukia mstari wa 4, kila moja kwenye safu yake. Kwa maana hiyo akikuonyesha safu mara ya tatu umeshamaliza. Yake ni ile ya katikati ya safu. Wanaohesabu hadi 11 kwa sauti wanajianika bure kwamba ni hesabu.

Mwanahisabati Mfaransa Joseph Gergonne aliandika kuhusu mchezo wa ukoo huuhuu, wa karata 27, mwanzoni mwa karne ya 19. Na kwa kuwa Vernon ametajwa: Persi Diaconis alitoroka kwao akiwa na miaka 14 kumfuata Vernon barabarani, baadaye akawa profesa wa takwimu. Mwaka 1992 yeye na Dave Bayer walionyesha kwamba fungu la karata 52 likichanganywa kwa kuligawa mbili na kulipukutisha, mara saba hivi zinatosha kulivuruga vizuri. Ule uchanganyaji wetu wa kijiweni, wa kuangusha mafungu mafungu kutoka mkono huu kwenda ule, unavuruga polepole mno kuliko huo. Karata zilizokaa pamoja zinaendelea kukaa pamoja. Mwanamazingaombwe anaishi humo.

#16 Dogo_RangiTatu

Mwalimu ungenifundisha wewe nisingepata F.

Ila huo wa 21 nimeujaribu kwa washkaji, mgawo wa pili tu wakaanza kuangalia simu.

#17 Kidole_cha_Mwisho

Kijiweni utakufia kweli, ni mrefu. Ni wa nyumbani, umeme umekatika, watu hawana pa kwenda.

#18 Shuhuda_wa_Stendi

Mimi naona mnazunguka tu, mkubwa wa mambo haya Dar hajatajwa: karata tatu. Pale stendi kuna vijana wanaweka boksi, karata tatu, moja nyekundu. "Ipo wapi nyekundu?" Nimesimama pembeni nikawaangalia mara nyingi, na baada ya kuona video moja ya mazingaombwe ndipo nikaelewa mkono.

Anashika mbili kwenye mkono mmoja, ya juu na ya chini. Anaonyesha nyekundu iko chini. Akirusha, jicho linaamini inayotoka ni ya chini, kumbe kaachia ya juu. Umemfuata nyekundu, nyekundu imebaki mkononi. Lakini huo mkono ni nusu tu. Waliosimama pale wote wanacheza timu moja. Yule mama mwenye kikapu aliyeshinda laki ni wao, yule anayekunong'oneza "kaka, ile pale" ni wao. Mmoja anakunja kona ya nyekundu wakati mrushaji kageuka kutema mate, wewe unaona, unasema leo nimepata. Akirusha tena ameinyoosha kona hiyo na kukunja ya karata nyingine. Unatoa nauli yote.

Sasa swali langu. Hawa na ninyi mna tofauti gani?

#19 BintiKigamboni

Swali zuri sana hilo.

#20 Kidole_cha_Mwisho

Mkono ni uleule, sikatai. Erdnase aliyetajwa na mzee hapo juu, sehemu kubwa ya kitabu chake ni ya wizi wa mezani, mazingaombwe yako mwishoni. Ila mwanamazingaombwe anakwambia mapema kwamba atakudanganya, na mwisho unaondoka na hela yako. Yule wa stendi anakuaminisha kwamba unayedanganya ni wewe, kwa kona uliyoiona. Tamaa yako ndiyo anayoichezea.

Kwa vitendo: usifanye mazingaombwe ya karata palipo na hela mezani, hata ya soda. Usikubali dau hata kama una uhakika, hata lile la pantoni nililosema watu watataka kuweka, likatae kwa kucheka. Michezo ya bahati ya hela ina sheria yake tangu 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na polisi akikukuta umezungukwa na watu, karata mkononi na noti chini, hatakuuliza kama wewe ni msanii. Mchezo wa karata tatu kama unaupenda, ufanye kwa karata kubwa, jukwaani, na uwaambie watu jinsi wanavyoibiwa. Hapo utakuwa umewasaidia.

#21 Kidole_Kifupi

Mimi vidole vyangu vifupi na cha pete kushoto hakikunji vizuri, nilikatwa na msumeno kazini. Nimetazama video mbili tatu nimekata tamaa. Kuna njia?

#22 Mzee_wa_Kahawa

Mwanangu, alikuwepo René Lavand wa Argentina. Alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka tisa. Akafanya karata kwa mkono wa kushoto peke yake maisha yake yote, polepole, na akawa anawaambia watazamaji kwamba haiwezekani kufanya polepole zaidi ya hapo. Hakuna video wala kitabu kilichomfundisha, kwa sababu vitabu vyote viliandikwa kwa wenye mikono miwili. Tengeneza mshiko wako.

#23 Kidole_cha_Mwisho

Naongezea la mzee: yuko pia Richard Turner, Mmarekani asiyeona, mmoja wa mikono hodari kabisa ya karata duniani. Anajua karata kwa kuzigusa. Ndugu, jaribu kufanya mazoezi umefumba macho. Ule mwanya wa kidole cha mwisho ni jambo la kuhisi, na cha pete hakina kazi kubwa pale. Anza na kunyanyua mbili: kwa gumba la kulia achanisha mbili za juu kwenye ukingo wa nyuma, ingiza kidole cha mwisho cha kushoto, zigeuze pamoja kama moja. Na zigeuze taratibu, kama unavyogeuza moja. Wengi wanapeleka haraka, na ile haraka ndiyo inayowasema.

#24 BintiKigamboni

Umegusia maneno mwanzoni ukapita. Mimi nikishaweza kunyanyua mbili, niseme nini? Video yangu inasema karata "ina tamaa ya kupanda cheo". Nikisema hivyo kwetu watadhani nasimulia taarifa ya habari.

#25 Kidole_cha_Mwisho

Dada, tumia unachokiona kila siku. Mimi karata hiyo naifanya abiria wa daladala. Malkia wa kopa kapanda Mbagala, konda anamwambia "mama sogea nyuma, sogea nyuma". Namsukuma katikati ya fungu kabisa. Nagonga fungu kama konda anavyogonga bati, kho kho. Nafunua ya juu: mama yuko siti ya mbele na dereva. "Mama nimekwambia nyuma!" Namsukuma tena. Mara ya tatu nampa mtazamaji ndiye awe konda, asukume mwenyewe na kugonga mwenyewe. Pale watu wanaanza kumsema malkia kama mtu wanayemjua, wengine wanamtetea, "mwacheni mama wa watu akae". Wakati wanabishana kuhusu mama, mikono yako haina anayeiangalia. Maneno yanafanya kazi ambayo kasi ya vidole haiwezi.

Ila usiwahi kusema mapema kitakachotokea. Ukisema "mama atakuwa juu" na karata zikakataa, umeumbuka. Usiposema, karata yoyote itakayotokea unaweza kuigeuza kuwa hadithi: "Ah, leo kashukia njiani." Unakusanya, unaanza mwingine.

#26 Siri_ni_Siri

Hii ya daladala nimeipenda. Naiiba.

#27 Kidole_cha_Mwisho

Si ulisema siri ni siri?

#28 MamaPili_Sinza

Nimerudi na mrejesho. Mtoto kamfundisha bibi. Sasa bibi anataka karata zake mwenyewe aende nazo kijijini, anasema kuna jirani yake mmoja lazima amwonyeshe. Karata zenye ukingo mweupe nazipata wapi kwa bei ya kawaida?

#29 Dogo_RangiTatu

Mama Pili zunguka maduka ya vifaa vya michezo mjini, uliza za karatasi, omba ufungue kasha uone mgongo kabla hujalipa. Za barabarani karibu zote plastiki.

Wakuu, kwa nini tusikutane mara moja tufanye ana kwa ana? Jumapili Coco Beach, mihogo juu yangu.

#30 Kidole_cha_Mwisho

Coco upepo ule, dogo? Utaokota karata mpaka Oysterbay. Tafuta sehemu yenye ukuta.

#31 Mwl_Namba

Mnazi Mmoja, saa kumi jioni, chini ya miti. Mimi nitakuja na wanafunzi wawili.

#32 Dogo_RangiTatu

Poa. Nakuja na plastiki zangu hizohizo, msinicheke.